Msiba Wangu, Nikiwa Ndani

Mimi ni fundi seremala na hasira zangu ziko karibu. Natanguliza hilo ili msomaji asinitegemee upole. Natengeneza vitanda, milango, makabati na, ikibidi, majeneza, katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Zamani nilipenda kutamba kilabuni kwamba hakuna mtu kwetu anayelala, kuingia ndani wala kuzikwa bila kupitia mikononi mwangu, na watu walikuwa wanacheka. Kisha ukaja mwaka ambao sikuwa hata na nguvu ya kutamba.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Nilikuwa nashika randa asubuhi, naisukuma mara moja juu ya ubao, halafu nasimama. Nasimama hapohapo mpaka kivuli kinahama. Si kwamba nilikuwa nawaza jambo fulani. Laiti ningekuwa nalo la kuwaza! Chakula kilikuwa kama maranda mdomoni. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Mteja akija kuuliza kabati lake namfokea, akishaondoka machozi yananitoka. Mwanaume mzima na ndevu zangu, nalia kwa sababu ya kabati.

Kwetu Buha magonjwa yana majina yanayoeleweka. Kuna malaria, kuna taifodi, kuna presha, kuna vidonda vya tumbo, na kuna kurogwa. Mtu akiumwa mojawapo anapewa pole na uji. Lakini mwanaume asiyeumwa popote, ambaye maharage yake yamekubali shambani, mkewe hajamkosea na watoto wake wako shule, naye hawezi kuinuka kitandani, huyo anaitwa mvivu, au watu wananong'ona kwamba ana mwanamke mahali. Mimi nilichagua malaria. Nikawa mtu wa malaria isiyoisha.

Siku moja redio ikatangaza kwamba katika hospitali moja kule Kibondo kuna watafiti wanatafuta watu wenye huzuni ya muda mrefu, wanaotaka kujaribiwa njia mpya za matibabu na msaada. Mtangazaji akautaja ugonjwa kwa jina: sonona. Nilikuwa peke yangu karakana, lakini niliizima redio harakaharaka kama niliyetajwa hadharani. Siku kadhaa baadaye nikapanda basi. Kasulu kuna hospitali pia, tena ya karibu, ila Kasulu nusu ya watu wanaokaa kwenye foleni wamelalia vitanda vyangu. Mke wangu nikamwambia nakwenda Kibondo kutafuta mbao za mninga. Aliitikia, akanifungia viazi vitamu vya njiani.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja: nipone bila mke wangu kujua kwamba niliwahi kuugua. Nilimwoa nikiwa mwanaume wa kubeba gogo peke yangu. Niliona afadhali anifikirie mlevi, mkali, hata malaya, kuliko anione mtu ambaye moyo wake umelala chini na hataki kuamka.

Muuguzi wa utafiti aliniuliza maswali mengi kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya. Nalalaje, nakulaje, najionaje. Mara ya kwanza nilimjibu kama tunavyojibu salamu, maana kwetu mtu akikuuliza hali unamwambia ni nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Akaweka kalamu chini, akasema, "Baba, salamu tulishamaliza mlangoni. Sasa hapa nataka ukweli." Nilikasirika. Kisha nikamwambia ukweli, na ulipotoka sikuamini kwamba anayesema ni mimi.

Akanieleza utafiti wenyewe. Hawakuwa wanajua bado, alisema, ni lipi linawasaidia zaidi watu wa huku: vidonge na kuonana na daktari kama ilivyozoeleka, au vidonge pamoja na kukaa kundini kila wiki na wagonjwa wengine. Wangejua, wangenipa tu lile lililo bora bila kunisumbua. Nikampenda kwa hilo, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia mtu wa hospitali akisema hajui. Nani awekwe upande gani haikuwa hiari yake wala yangu. Ilikuwa kama kura, na kompyuta ndiyo iliyochagua. Tena kulikuwa na mtu mwingine ambaye angekuwa anakuja kunipima kwa maswali baada ya kila kipindi, na huyo nilikatazwa kabisa kumwambia niko upande upi, asije akavutwa na matumaini yake mwenyewe wakati wa kuandika.

Niliomba kimoyomoyo niangukie kwenye vidonge peke yake. Kidonge kinaingia mfukoni; kundi haliingii. Kompyuta haikusikia maombi yangu.

Kundi letu lilikaa kwenye chumba nyuma ya zahanati moja ya mjini Kibondo, na wote walikuwa wanawake isipokuwa mimi. Walisema alikuwepo mwanaume mwingine, akaja mara moja, akaona, akapotea. Nilimwelewa. Kiongozi alikuwa mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa kazi hiyo na watafiti, mama mmoja mnene anayeongea taratibu. Kulikuwa na mke wa mwenye duka la vitambaa, Mwislamu wa asili ya Ujiji, ambaye alikuwa na kila kitu nyumbani na hakuwa amecheka tangu azae mtoto wake wa mwisho. Na kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, mjane, ambaye wiki za kwanza nilidhani anakuja kusinzia tu. Wengine walikuwa wakulima kama watu wote.

Sheria za kundi zilikuwa chache. Linalosemwa humo halitoki, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Hapo kiongozi atamwambia muuguzi. Mtu akisema, asipewe ushauri, asiambiwe amwombe Mungu, asiambiwe kuna wenye shida kumzidi, asikilizwe. Na mwenzetu akipotea bila taarifa, kundi litakwenda kumwona kwake. Hiyo ya mwisho niliipigia kura kwa mikono yote miwili huku nacheka moyoni. Nani atatoka Kibondo kuja kwangu?

Wiki zikaenda, nami kila wiki nikimuaga mke wangu kwamba nafuata mbao. Wao wakasema yao, na mimi nikawa nasema kuhusu mbao. Kweli, niliwaeleza wale wanawake mambo ya mninga na mkurungu mpaka nadhani wangeweza kufungua karakana. Waliniacha niseme. Mpaka siku moja, katikati ya maelezo ya ubao unaopinda kwa sababu umekaushwa vibaya, nikasikia sauti yangu inasema kwamba nyumba yangu ingepumua vizuri zaidi kama mimi nisingekuwemo. Kwamba mke wangu bado ana umri, angepata mtu wa kucheka naye. Nikaanza kulia, na nikishaanza sikuweza kujizuia, nikalia na makamasi, na yule bibi niliyemdhania anasinzia akainuka, akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake kama mtoto aliyeanguka.

Kiongozi alifanya alichopaswa. Siku hiyohiyo muuguzi akaniita pembeni, akaniuliza wazi, bila kuzunguka, kama nafikiria kujiua. Nikasema hapana, nafikiria tu kutokuwepo. Akaniuliza mengine, akanipa namba ya kupiga saa yoyote, akaniambia daktari ataniona wiki ijayo na nisikose. Wote walinitendea vizuri, sina wa kumlaumu. Lakini ndani ya basi la kurudi, kila nilipokumbuka ile khanga usoni mwangu, masikio yaliwaka moto. Wanawake kumi wameniona nalia. Nikaapa sitarudi.

Sikurudi. Nikazima simu. Vidonge nikaviacha juu ya kabati, na bila kundi na bila vidonge nikashuka haraka kuliko nilivyopanda. Nikaacha kwenda karakana, nikaacha kuoga, nikalala nimeuelekea ukuta. Mke wangu akawaambia majirani malaria imempanda mzee. Majirani wakaja, wakachungulia, wakatikisa vichwa. Mmoja nilimsikia ukumbini anasema kwa sauti ya chini kwamba hii malaria ya safari hii si ya kawaida.

Siku ninayotaka kuisimulia, mke wangu alikuwa amekwenda Rungwe Mpya kumwona mama yake, na alisema atarudi mchana. Watoto walikuwa shule. Nilisikia gari likisimama barabarani, milango ya gari ikifunguliwa, kisha miguu mingi uani. Halafu hodi, na sauti ya taratibu niliyoijua hata kabla haijamaliza kubisha.

"Fundi, ni sisi. Tumekuja kukuona."

Kundi zima. Mke wa mwenye duka alikuwa amemwomba mumewe gari, wakajazana humo kutoka Kibondo. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Akabisha tena, nikanyamaza. Nilisema moyoni, wakiona mlango umefungwa wataondoka. Sikuwajua bado. Walikuwa wamefundishwa kutomlazimisha mtu, wakae, wasubiri. Wakatandika mikeka yao uani, wakavua viatu, wakakaa kimya.

Sasa mtu wa kwetu na afikirie alichokiona mpita njia. Nyumba ya mgonjwa wa siku nyingi. Mlango umefungwa mchana kweupe. Wanawake wageni waliotoka mbali kwa gari moja, wamejifunga khanga, wameketi kwenye mikeka chini, hawaongei, hawacheki, hawajaingia ndani. Kwetu hiyo picha ina maana moja tu. Na kwetu mtu hafiki msibani akauliza nani kafa. Ni aibu, ni kama kusema kwamba ulikuwa hujui wala hujali. Unafika, unakaa, unatoa pole, unashika kazi. Mengine utayasikia hukohuko.

Jirani wa kwanza alikuja na kuni kichwani. Akazitua kimya, akasogea kwenye mikeka, akapiga magoti, akapiga vikofi vya salamu, akasema poleni. Wakaitika kwa adabu. Akakaa. Akaja wa pili na ndoo ya maji, wa tatu na unga. Wanaume wakaanza kukaa upande wao, kwenye magogo yangu. Niliwasikia madereva wa bodaboda pale barabarani wakipashana: "Oya, fundi kadanja." Mmoja wao akawasha pikipiki kwenda kuwaambia wa kanisani.

Mnadhani wageni wangu wangewasahihisha. Wangewezaje? Wao walikuwa wamekuja na hofu yao. Walijua nilichokisema kundini, walijua simu imezimwa, wamebisha hakuna anayejibu, na sasa majirani waliokaa karibu na mimi maisha yote wanaleta kuni na kufuta macho. Nikamsikia kiongozi wetu anasema polepole, "Jamani, tumechelewa." Kisha sauti yake ikakatika, na yule mama mnene aliyekuwa akiwatuliza wote akaanza kulia. Wakamfuata wote. Majirani waliposikia wageni wanalia, wale waliokuwa na shaka kidogo shaka yao ikaisha, nao wakaangua kilio. Kila upande uliuthibitishia mwingine kifo changu.

Na mimi niko ndani, chini ya blanketi, hatua chache kutoka dirishani, dirisha nililolitengeneza mwenyewe.

Msomaji atasema, si ungetoka? Ungetokaje? Kila dakika iliyopita ilifanya kutoka kuwe kugumu zaidi. Walipokuwa watatu ningeweza kufungua nikasema jamani, nilikuwa nimelala. Walipokuwa thelathini, turubai limeanza kufungwa kwenye mti, maharage ya msiba yako jikoni, ningesema nini? Niliona aibu kwamba niko hai. Sijui kama kuna aibu iliyo chini ya hiyo.

Nikawa nasikia sifa zangu. Mwanaume mmoja alisema nilikuwa fundi asiye na mfano. Mwingine akasema, "Ni kweli, Mungu amrehemu, lakini kabati langu liko humo karakana na halina milango." Wakajadiliana kwa heshima jinsi ya kulichukua baada ya maziko. Kisha mzee mmoja akauliza: "Na jeneza, atatengeneza nani?" Wakataja mafundi wa Buhigwe. Mmoja akasema wale wanapigilia misumari kama wanajenga banda la mbuzi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, hasira ikanipanda, tena hasira nzuri, ya kazi. Karibu nicheke. Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu kutoka barabarani.

Alikuwa anarudi kutoka kwa mama yake, amebeba kikapu. Aliona turubai. Sikumwona, lakini nilisikia kikapu kinaanguka, kisha miguu inakimbia, kisha ukelele ambao nimeusikia katika nyumba nyingi nilizopeleka majeneza na sikuwahi kujua una uzito gani mpaka ulipokuwa wangu. Alijitupa chini uani. Akaniita kwa jina la ujana wangu, lile ambalo hajalitumia tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Akanilaumu kwa Kiha, kama tunavyowalaumu wafu wetu: umeniachia nani, mbona hukuniaga, ningebaki nawe asubuhi, ungeniambia usiende ningebaki. Wanawake wakamshika, akawaponyoka.

Mimi niliyesema kwamba angepata mtu wa kucheka naye.

Nikainuka. Nikajifunga shuka, nikafungua mlango.

Sitaeleza sana yaliyofuata, maana kwetu yanasimuliwa mpaka leo na kila msimulizi anaongeza lake. Watu walikimbia. Mzee wa swali la jeneza aliacha fimbo na kiatu kimoja. Mama mmoja alipita katikati ya ndoo za maji. Waliobaki uani walikuwa mke wangu, ambaye hakuwa na nguvu za kukimbia, na wale wageni wa Kibondo, ambao kiongozi wao alinyanyua mikono juu akasema, "Asante, asante, asante," sijui alikuwa anamwambia nani.

Mke wangu alikuja kwa magoti, akanishika miguu, akanishika mikono, akanigusa uso. Kisha akasimama, akanipiga kifuani kwa ngumi, mara nyingi. Watu wakaanza kurudi mmojammoja, wakasimama mbali kidogo. Alipochoka kunipiga akageuka, akawatazama wale wanawake waliokaa kwenye mikeka, nyuso zimelowa machozi.

"Hawa ni nani?"

Kijiji kizima kilikuwa kinataka jibu hilo. Nilimwona mke wangu akiwakagua mmojammoja, na nilijua anamtafuta yule mwanamke wangu wa Kibondo ambaye bila shaka alikuwa ameshamfikiria siku nyingi.

Kiongozi alipangusa macho. "Mama, sisi ni wageni wake," akasema. "Lililotukutanisha naye ni lake. Tusiseme sisi." Na hakuna hata mmoja aliyeongeza neno. Walikuwa wamenilia kama ndugu, wamepigwa vumbi njia nzima, kijiji kinawatazama kwa jicho baya, na bado walikuwa wananitunzia siri. Ningesema ni wateja, wangeitikia ndiyo, ni wateja.

"Ni wagonjwa wenzangu," nikasema.

Mnong'ono ukapita. Niliuelewa, walikuwa wanafikiria ukimwi. Mke wangu naye aliuelewa, uso wake ukabadilika rangi. "Si huo," nikasema harakaharaka. "Si ugonjwa huo. Huu unaitwa sonona. Ni wa... ni huzuni. Ni huzuni inayokaa, haitoki, haina sababu. Kuna watu wa hospitali wanautafiti kule Kibondo, nami nimo kwenye utafiti."

"Huzuni," akasema mzee, ambaye alikuwa ameshakipata kiatu chake.

"Ndiyo."

"Tumeleta kuni kwa ajili ya huzuni?"

Baadhi wakacheka, na siwalaumu. Kama ningekuwa mimi ndiye niliyebeba tita la kuni kutoka mtoni ningecheka, na baadaye ningekasirika. Nilitamani siku ile ningekuwa na ugonjwa wenye hadhi, wa kupimwa kwa damu na kuandikiwa sindano. Nilisimama pale na shuka langu, na ndevu za wiki nyingi, nanuka, huku watu niliokuwa natamba mbele yao kilabuni wakinitazama kama kitanda kilichovunjika miguu. Wengine wakaanza kuondoka. Kuni waliziacha, kwa sababu kwetu kuni zilizoletwa msibani hazirudishwi kwa mwenyewe, hata kama msiba haukuwepo.

Mke wangu hakucheka. Aliwasogelea wale wanawake.

"Mnalijua hili tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupanda maharage," alisema mke wa mwenye duka.

Maharage yalikuwa yameshavunwa. Nilimwona akiupima huo muda kichwani: palizi mbili, mavuno, usiku wote ule aliolala ubavuni mwangu akinikanda kwa maji ya uvuguvugu kwa malaria niliyomdanganya. Hakunigeukia. Alisema nao, si nami.

"Na amewaambia yaliyo moyoni mwake?"

"Ametuambia."

"Nyie." Alisema polepole. "Nyie ametuambia."

Alichanganya maneno kwa uchungu, na hakuna aliyemsahihisha. Nilidhani sasa atawafukuza, au ataingia ndani afunge nguo zake arudi Rungwe Mpya, na ningeona ni haki. Badala yake akavua kandambili.

"Nisogezeeni," akasema.

Wakasogea. Akakaa mwisho wa mkeka, karibu na yule bibi, akakunja miguu kama wao, akaweka mikono juu ya mapaja. Ndipo akainua uso kunitazama.

"Baba watoto, kaa chini. Ulichowaambia hawa, niambie mimi. Niambie mbele yao, ili nijue hupunguzi."

Nikakaa kwenye ardhi. Nimekwisha kusema kwamba nilikuwa nimeweza kuwaambia wanawake kumi nisiowajua. Mbele ya huyu mmoja niliyemzoea kuliko mkono wangu sikuweza kufungua mdomo. Alisubiri. Wote walisubiri, kwa namna ile yao ya kusubiri, na nikajua kwamba hawataondoka, na gari la watu liko barabarani na jua linakwenda.

Nikaanza na mikono, jinsi ilivyoanza kuwa mizito. Nikaeleza randa. Nikaeleza kuamka kabla ya jogoo, na kulia kwa ajili ya kabati. Nikaeleza vidonge, na maswali ya muuguzi. Yeye alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anaitika ndiyo kwa Kiha, "Ego, ego," kama anavyoitika mtu anayehesabiwa mali aliyoibiwa. Nikasema kwamba nilificha kwa sababu ya aibu. Nikasema basi, ndiyo hivyo, nimemaliza.

Yule bibi akakohoa.

"Fundi," akasema, macho chini, "kule kundini hukuishia hapo."

Kiongozi alimgusa goti, kumkumbusha sheria. Lakini mke wangu alikuwa ameshasikia. Alinitazama tu, na nywele zake zilikuwa bado na vumbi la kugaagaa, vumbi la kunililia mimi, lilikuwa kwenye nyusi, kwenye midomo, machozi yamelichora mistari.

Na mimi nikamtazama usoni, na vumbi lile, nikamwambia nilichokuwa nimewaambia: kwamba nilidhani akinikosa atapumua.